Kabla ya Kununua Mashine ya Kukatia Nyasi, Pima Mteremko na Mgongo Wako

Mdogo wangu wa kiume anaishi katika jimbo la Kentucky, Marekani. Baada ya miaka mingi ya kupanga, alinunua nyumba yenye uwanja wa nyasi wa ekari moja na nusu, na jioni moja akanitumia ujumbe: "Shikamoo dada. Wewe ni daktari wa mifupa na unaujua mgongo wangu. Nichague mashine ipi ya kukatia nyasi?" Aliambatanisha picha aliyopigwa dukani. Ameketi juu ya mashine kubwa nyekundu, anatabasamu, na amempakata binti yake wa miaka minne.

Ujumbe niliusoma mara moja. Picha niliitazama kwa muda mrefu.

Nilipokuwa masomoni nchini humo, nilishiriki kumhudumia mtoto wa umri huohuo aliyepoteza nusu ya mguu wake chini ya mashine ya namna hiyo. Babu yake ndiye aliyekuwa akiiendesha. Alikuwa anarudi nyuma, na hakujua kwamba mjukuu ametoka ndani kumfuata. Mzee yule alikaa kwenye baraza la hospitali akiwa bado na majani makavu kwenye suruali yake, na hakuna aliyeweza kumwambia neno la kumfaa.

Majibu niliyomwandikia mdogo wangu nimeona yafaa kuwafikia wasomaji wa jarida hili. Ndugu zetu wengi walioko ughaibuni hutunza viwanja vikubwa vya nyasi, na miji mingi ya Marekani ina sheria zinazomlazimu mwenye nyumba asiache nyasi zirefuke kupita kiasi. Hapa nyumbani pia, mashine za kukalia huonekana katika viwanja vya gofu, hoteli na baadhi ya taasisi. Aidha, mgonjwa wa mgongo anapouliza kama anaweza kurudi kwenye kazi ya mashine, mhudumu wa afya anapaswa kujua ni mashine ya namna gani inayozungumziwa.

Jinsi mashine hii inavyofanya kazi

Mashine ya kwanza ya kukatia nyasi ilibuniwa na Mwingereza Edwin Budding, aliyepata hataza yake mwaka 1830, nayo ilisukumwa kwa mikono. Mashine aliyoikalia mdogo wangu ni ya ukoo huo kwa mbali. Aina hiyo ilianza kupata umaarufu kutoka Kansas, Marekani, katika miaka ya 1960, na huuzwa kwa jina lenye maana ya "mgeuko sifuri", kwa kuwa inaweza kujizungusha papo hapo ilipo bila kuhitaji nafasi ya kupindia.

Katika mashine nyingi za aina hii hakuna usukani. Kila gurudumu la nyuma huendeshwa na mtambo wake wa haidroliki, na dereva hushika nyenzo mbili, moja kwa kila mkono. Akizisukuma zote mbele, mashine huenda mbele. Akizivuta, hurudi nyuma. Akisukuma moja na kuvuta nyingine, hujizungusha. Magurudumu ya mbele hayaongozwi na chochote. Huzunguka yenyewe kama magurudumu madogo ya kitanda cha kusukumia wagonjwa.

Maelezo hayo yanatosha kuonyesha uzuri wa mashine na hatari yake. Inapita karibu na miti na maua kwa wepesi, nayo hupunguza sana muda wa kazi. Lakini usukani wake na breki yake ya mwendo vyote vinategemea magurudumu mawili ya nyuma kuishika ardhi. Yakiteleza kwenye nyasi mbichi za mteremkoni, dereva hana tena njia ya kuiongoza wala kuisimamisha. Vilevile, mtu anayeshtuka kwa kawaida hukaza mikono na kuvuta, na akizivuta nyenzo hizo, mashine hurudi nyuma kwa ghafla.

Anza na mteremko

Wauzaji huanza kwa kutaja nguvu ya injini. Mimi nilimwomba mdogo wangu aanze na uwanja wake. Watengenezaji wengi wa mashine hizi huonya zisitumike kwenye mteremko unaozidi digrii 15, na baadhi huweka kikomo cha digrii 10. Kikomo halali ni kile kilichoandikwa kwenye kitabu cha maelekezo cha mashine husika.

Kupima ni rahisi. Chukua ubao ulionyooka wenye urefu wa mita moja. Weka ncha moja ardhini upande wa juu wa mteremko, kisha inua ncha ya pili hadi pimamaji ionyeshe kwamba ubao umelala sawa. Pima umbali kutoka ncha hiyo iliyoinuliwa hadi ardhini. Sentimita 18 ni sawa na digrii 10, na sentimita 27 ni sawa na digrii 15. Pima sehemu kali zaidi, maana ndiko mashine itakakopinduka.

Sehemu inayozidi kikomo isipandwe na mashine ya kukalia. Inaweza kukatwa kwa mashine ya kusukuma, dereva akitembea kwa kukingama na mteremko, au ikaachwa iote vichaka. Kingo za mabwawa, mitaro na kuta za kuzuia udongo zipewe nafasi pana, kwa kuwa baadhi ya vifo vya madereva hutokea mashine inapoporomoka na kumfunika mtu majini.

Kwa uwanja wenye miinuko, tafuta mashine yenye upinde wa chuma wa kinga nyuma ya kiti, pamoja na mkanda. Upinde ukiwa umesimama, mkanda ufungwe kila wakati. Upinde ukiwa umekunjwa ili kupita chini ya matawi, mkanda usifungwe, kwani utamshikilia dereva chini ya mashine ikipinduka. Zipo pia mashine chache za aina hii zenye usukani unaoongoza magurudumu ya mbele. Hizo hudhibitika vizuri zaidi mteremkoni.

Ukubwa unaotosha

Mashine nyekundu ya dukani ilikuwa na upana wa kukata wa sentimita 152. Nilimfanyia mdogo wangu hesabu. Ekari moja na nusu ni mita za mraba takriban 6,070. Kwa mwendo wa kilomita 6 kwa saa, na tukikadiria kwamba sehemu moja ya tano ya kazi hupotea katika kugeuka na kupita palipokwisha kukatwa, mashine ya sentimita 107 itamaliza uwanja huo kwa takriban dakika 71. Ile ya sentimita 152 itamaliza kwa dakika 50.

Tofauti ni kama dakika ishirini. Kwa dakika hizo angelipa fedha nyingi zaidi, angekuwa na mashine nzito zaidi, na huenda isingepita kwenye lango la ua. Mashine pana pia hukwangua udongo penye matuta. Kadiri uwanja unavyokuwa na miti mingi na ardhi isiyo sawa, ndivyo upana wa kati unavyofaa zaidi.

Mgongo, masikio na dawa

Mdogo wangu aliwahi kufanyiwa upasuaji wa diski ya kiunoni. Kwa mtu wa namna hiyo, kinachoumiza zaidi ni mtetemo na mishtuko inayopanda kutoka ardhini hadi kwenye pingili. Injini kubwa haiondoi mtetemo huo, na mwendo wa kasi huuongeza. Kiti chenye springi inayorekebishwa kulingana na uzito wa dereva husaidia, na egemeo linapaswa kufika juu ya kiuno. Dukani, mnunuzi akae angalau dakika kumi, apande na kushuka mara kadhaa, ahakikishe anafikia nyenzo bila kuinama mbele, na ageuze kichwa kuangalia nyuma. Asiyeweza kugeuka hawezi kurudi nyuma kwa usalama.

Aliyefanyiwa upasuaji wa mgongo apate kwanza idhini ya daktari wake. Mwenye kifafa kisichodhibitiwa, au anayetumia dawa zinazoleta usingizi, asiendeshe mashine hii. Mwenye ganzi au udhaifu wa mikono ajaribu nyenzo kwa makini, kwa sababu mikono ndiyo breki yake. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda ajue kwamba jeraha dogo kwake linaweza kutoka damu nyingi.

Kelele nayo hudhuru polepole. Kiwango kinachopendekezwa kwa wafanyakazi ni kisichozidi desibeli 85 kwa saa nane, na kila desibeli 3 zinapoongezeka, muda huo hupungua kwa nusu. Kwenye desibeli 94, ambazo mashine nyingi za petroli huzikaribia, muda unaobaki ni saa moja tu. Vaa vizuia kelele, miwani ya kinga na viatu vigumu vilivyofunika vidole. Mashine za betri zina kelele ndogo na hazitoi moshi, lakini visu vyake ni vikali vilevile. Yenye petroli isiwashwe ndani ya banda lililofungwa, wala isijazwe mafuta injini ikiwa ya moto.

Mtoto asipakatwe

Viwango vya usalama vya Marekani huruhusu ncha ya kisu kusafiri hadi takriban mita 96 kwa sekunde, yaani zaidi ya kilomita 340 kwa saa. Jiwe dogo likipigwa na kisu hicho huruka kwa nguvu ya kutoboa jicho au mwili. Ndiyo maana uwanja huokotwa mawe na waya kabla ya kukata, na kinga ya pale nyasi zinapotokea haiondolewi kamwe.

Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani hushauri kwamba mtoto wa chini ya miaka 16 asiendeshe mashine ya kukalia, asipakiwe juu yake kwa umri wowote, na watoto wadogo wakae ndani ya nyumba wakati nyasi zinakatwa. Katazo la kupakata lina sababu mbili. Kwanza, mtoto akiteleza, huangukia karibu na visu. Pili, mtoto aliyewahi kupakatwa hujifunza kuwa mashine ni mahali pa furaha, na siku nyingine akisikia ngurumo yake huikimbilia kutoka nyuma, mahali ambapo dereva haoni. Kifaa kinachozima visu mashine inaporudi nyuma kisifungwe wala kukwepwa.

Jeraha likitokea

Kwa wahudumu wenzangu: jeraha la mashine hii lina sura ya mlipuko. Tishu huchanika, mifupa huvunjika vipande vipande, na udongo pamoja na majani husukumwa ndani kuliko jicho linavyoona. Zuia damu kwa kugandamiza. Isipokoma, na jeraha likiwa la mkono au mguu, funga tonikete juu ya jeraha na uandike saa. Antibiotiki kwa njia ya mshipa zitolewe mapema, ndani ya saa ya kwanza inapowezekana, na kinga ya pepopunda isisahaulike. Usilishone jeraha hilo siku ya kwanza. Lisafishwe katika chumba cha upasuaji, tishu zilizokufa ziondolewe, na mara nyingi kazi hiyo hurudiwa.

Kiungo kilichokatika kifungwe kwa shashi safi yenye unyevu wa maji ya chumvi, kiwekwe ndani ya mfuko wa plastiki, na mfuko huo uwekwe kwenye maji yenye barafu. Kisigusane na barafu moja kwa moja. Kitundu kidogo cha ngozi kilichosababishwa na kitu kilichorushwa kipigwe picha ya eksirei, huku tukikumbuka kwamba kijiti cha mti huenda kisionekane katika picha hiyo. Jicho lililotobolewa lifunikwe bila kugandamizwa, na kilichoingia kisichomolewe.

Alichochagua

Mdogo wangu alipima uwanja wake Jumamosi iliyofuata. Sehemu ya mbele haikufika digrii 8. Nyuma ya nyumba, ambako ardhi inashukia bwawani, ubao ulionyesha sentimita 34, yaani karibu digrii 19. Ukanda huo ameuacha uote vichaka. Mashine nyekundu aliiacha dukani, na baada ya daktari wake kumruhusu akanunua yenye upana wa sentimita 122, iliyo na kiti cha springi na upinde wa kinga. Hukata kwa saa moja hivi, akipumzika katikati ili kunyoosha mgongo.

Binti yake alilia siku ya kwanza. Sasa wamepatana: visu vikizunguka, yeye hukaa ndani na mama yake, akipunga mkono dirishani. Baba akishamaliza, akazima injini na kutia ufunguo mfukoni, mtoto hutoka kumsaidia kukusanya majani kwa reki ndogo aliyonunuliwa.