Vigae na Ramani za Kisiwa cha St. Croix

Somo letu la leo lahusu vitu viwili ambavyo wageni hununua kuwa ukumbusho katika kisiwa cha St. Croix, Bahari ya Karibi: kigae cha sahani iliyovunjika, na ramani yenye sura ya kale. Tutajifunza jinsi ya kuvisoma.

Kwanza tukijue kisiwa chenyewe. Mwaka 1733 Wadenmark walikinunua kwa Wafaransa, wakapanda miwa. Kazi ya mashamba ilifanywa na Waafrika walioletwa kwa nguvu. Utumwa ulikoma tarehe 3 Julai 1848, baada ya watumwa maelfu kukusanyika mjini Frederiksted wakidai uhuru wao. Mwaka 1917 Marekani ilikinunua kisiwa hicho, pamoja na St. Thomas na St. John, kwa dola milioni 25.

Sasa tukitazame kigae. Wenye mashamba waliagiza vyombo vyao Ulaya. Sahani ikivunjika, ilitupwa jaani. Hata leo, mvua kubwa ikinyesha, vipande vyake huchomoza udongoni, vyeupe vyenye maua ya buluu. Wenyeji huviita "chaney". Zamani watoto walivisugua mpaka vikawa mviringo, wakavifanya pesa za mchezo. Siku hizi mafundi huvitia katika fedha, vikawa vidani na vipuli.

Ukishika kigae, tazama kwanza rangi yake. Kikiwa na picha ya buluu iliyochapwa kiwandani, si cha kabla ya nusu ya pili ya karne ya 18, maana kazi hiyo haikuwapo bado. Lakini kikiwa kinene, cha rangi ya udongo, wala haking'ai, huenda ni kipande cha chungu kilichofinyangwa papo hapo kisiwani na mikono ya Waafrika. Hakipendezi kama kile cha buluu, lakini chatuambia habari za jiko la mtumwa, ambazo sahani ya bwana haikuzijua.

Na ramani je? Mwaka 1754 ilichapwa Copenhagen ramani ya St. Croix iliyochorwa na Jens Michelsen Beck. Humo kisiwa kimekatwa kwa mistari iliyonyooka, shamba kwa shamba, kama ubao wa dama. Ramani ya namna hii ilikuwa chombo cha wenye mali: yaonyesha ardhi iligawanywa vipi, lakini haikuandika majina ya waliolima. Basi kigae na ramani vyafaa kusomwa pamoja. Kimoja chasema yale ambayo kingine kimenyamazia.

Ukitaka kununua, shika mambo mawili.

Kwanza, ramani nyingi zenye karatasi ya kahawia zimechapwa juzi juzi. Si kosa, mradi muuzaji aseme hivyo. Itazame kwa kioo cha kukuzia: ukiona vidoto vidogo vya rangi mbalimbali vimepangana, hiyo ni nakala ya mashine ya siku hizi. Ramani ya kale iliyochapwa kwa bamba la shaba mara nyingi ina alama ya bamba iliyobonyea karatasini.

Pili, usichimbe vigae mwenyewe. Katika hifadhi za taifa za kisiwa hicho, kuviokota ni kuvunja sheria. Tena kigae kilichomo ardhini kina majirani: mfupa, msumari, jivu la jiko. Hao ndio mashahidi wanaomjulisha mtaalamu ni nani aliyeishi pale, na lini. Ukikiondoa peke yake, umebaki na pambo, na ushahidi umepotea.

Maswali ya kuzungumza kikundini:

1. Kwa nini chungu cha udongo chaweza kutufundisha jambo ambalo sahani ya maua haiwezi?
2. Ramani ya Beck ilitengenezwa kwa faida ya nani?
3. Katika kijiji chenu, ni kitu gani kilichovunjika ambacho chaweza kusimulia habari za wazee?

Kwaherini, hadi somo lijalo.