Mtoto mchanga akitapika rangi ya kijani, tusingojee kesho

Bamama na bababa wa kooperative,

Mara mingi hapa tunaongea juu ya mihogo na maharagi. Leo tunaongea juu ya mtoto tunayemubeba mugongoni tukienda shambani.

Njia ya chakula tumboni mwa mtoto inaweza kuziba. Pengine alizaliwa njia haikukamilika; pengine utumbo umejikunja, ao kipande kimoja kimeingia ndani ya kingine. Maziwa hayapiti tena. Damu ikikosa kufika, utumbo unaanza kuoza katika masaa tu.

Mtoto akirudisha maziwa kidogo kisha ananyonya vizuri, hiyo si kitu. Ila tuangalie alama hizi:

- Anatapika maji ya kijani kama majani. Hiyo ni hatari, hata kama ni mara moja tu.
- Tumbo linavimba na kukazana.
- Amezaliwa, siku nzima inapita bila choo cha kwanza, kile cheusi.
- Analia kwa nguvu akikunja miguu, ananyamaza na kulegea, kisha anaanza tena. Hiyo inaonekana zaidi kati ya miezi 4 na 10.
- Choo kina damu na makamasi.
- Uvimbe wa kinenani ao kitovuni umekuwa mgumu, unauma, haurudi ndani.

Tufanye nini? Twende kituo cha afya mara moja, hata usiku. Tusimupe uji, dawa ya majani wala kitu kingine kwa kinywa. Hata ziwa tusimamishe kwanza, mpaka munganga amuone. Ndiyo maana hatuwezi kuchelewa. Tusimuingizie dawa kwa njia ya haja kubwa, inaweza kupasua utumbo. Tumulaze kwa ubavu, tumufunike apate joto. Tubebe kitambaa chenye matapishi, munganga aone rangi. Mara mingi atatutuma hopitali kubwa, kwa sababu ugonjwa huu pengine unaomba kupasuliwa.

Mama akienda kulima, mtoto anabaki na dada ao nyanya. Basi na wao wafundishwe rangi hii, wasingoje mama arudi magaribi.

Tunaomba kila kooperative ipange mbele ya wakati: nani ana pikipiki, na feza gani ya mfuko wetu itamulipa usiku ule. Tukianza kutafuta feza mtoto akiwa tayari amelegea, tumechelewa.