Gari la siti saba lililotumika: angalia haya kabla hujatuma hela

Wiki mbili zilizopita alitupigia simu msikilizaji wetu wa Uchindile, kule juu mwisho wa Halmashauri ya Mlimba, ambako watu bado wanapanga safari kwa kufuata treni ya TAZARA. Yeye na ndugu zake wanne wamechanga hela za mpunga wa misimu miwili wanunue gari moja la familia. Mama yao ana kliniki kila mwezi Hospitali ya Mtakatifu Fransisko pale Ifakara, na wamechoka kumpandisha bodaboda. Gari walikuwa wameshaliona mjini: Toyota Vanguard nyeusi, siti saba, inang'aa. Mwenye gari alitaka kianzio kwa simu jioni ile ile, maana "kuna mteja anatoka Morogoro". Msikilizaji aliuliza jambo moja tu: nitume, nisitume?

Tulimwambia asitume kwanza. Kisha tukakaa na mafundi wawili wa Ifakara tunaowaamini, tukawauliza wao wangeangalia nini kama hela ingekuwa ya mama yao. Haya ndiyo tuliyoyapata, na mengine tumeyajua kwa machungu yetu wenyewe, kama mtakavyoona.

Tuanze na gari lenyewe ni kitu gani. Magari ya juu kidogo yenye safu tatu za siti yaliyojaa huku kwetu ni hasa Toyota Vanguard na Toyota Kluger, halafu Mitsubishi Outlander na Nissan X-Trail za siti saba. Vanguard iliuzwa Japani kuanzia 2007 hadi 2013, na ni ndugu wa RAV4 iliyorefushwa. Kluger ya zamani ni ya miaka ya 2000 hadi 2007. Si kila Vanguard ina siti saba, zipo za tano. Na si kila Vanguard inavuta kwa miguu yote minne. Fungua boneti utafute kibati chenye maandishi ya modeli. Ukikuta ACA33, hiyo ina fowili. Ukikuta ACA38, inavuta miguu ya mbele tu, hata muuzaji akiapa. Kwa mtu wa mjini haina neno. Kwa anayepanda milima ya Uchindile wakati wa masika, hilo ni swali la kwanza kabla ya rangi na redio.

Hata hiyo yenye fowili, usiilinganishe na Land Cruiser hadtopu. Kwa kawaida inavuta mbele, na miguu ya nyuma inaingia inapohitajika. Kuna swichi ya kufunga miguu yote ifanye kazi pamoja, lakini ukipita kilomita 40 kwa saa inajiachia yenyewe. Gia ile nzito ya chini ya kujikwamua kwenye tope haina. Kwenye barabara ya vumbi yenye mashimo inakwenda vizuri. Kwenye tope la kufika magotini itakaa hapo hadi mje na kamba.

Sasa hizo siti saba. Safu ya tatu ni ya watoto. Mtu mzima akikaa pale kutoka Mlimba hadi Ifakara atashuka amejikunja kama jembe la kukunja. Zikiwa zimeinuliwa, nafasi ya mzigo nyuma inabaki ya mkoba na kuku wawili. Halafu kuna hesabu ambayo wengi hawaifanyi. Wajapani wanapoandika uzito wa gari na abiria wanahesabu kilo 55 kwa kila mtu. Watu saba ni kilo 385, basi. Weka watu wazima saba wa kwetu wenye kilo 65 kila mmoja, ni kilo 455, umeshapita. Ongeza gunia la mpunga juu ya keria, mtu asishangae shokapu zikilia mwezi wa pili. Kwenye kadi ya gari kuna uzito wa gari tupu na uzito jumla. Toa wa kwanza kwenye wa pili, utajua gari lako linaruhusiwa kubeba kilo ngapi pamoja na watu.

Tulipofika kwenye injini mafundi wetu waliongea kwa muda mrefu, na sisi tulikuwa na sababu ya kusikiliza. Vanguard nyingi na Kluger nyingi zina injini ya CC 2,400 inayoitwa 2AZ. Ni injini ngumu na vipuri vyake havisumbui kupata, lakini ina tabia moja: baadhi yake zinakula oili. Si kuvuja, maana chini hutaona tone. Ringi za pistoni zinashindwa kuzuia oili, inapanda juu na kuungua pamoja na petroli. Hili si neno la mtaani. Huko Marekani Toyota wenyewe waliongeza muda wa dhamana kwa magari yenye injini hii ya miaka ya 2006 hadi 2009 hivi kwa sababu hiyo hiyo. Kipimo chao kilikuwa kama lita moja kwa kila kilomita 1,900. Gari likila zaidi ya hapo, injini inafunguliwa.

Sisi tunalijua hilo kwa sababu kituo chetu kiliwahi kununua gari la namna hii kwa ajili ya kurushia matangazo vijijini. Tulinunua kwa muuzaji mmoja, tukaliona zuri, tukalijaribu kwenye lami dakika kumi. Safari ya tatu, kabla ya kufika Mlimba, taa nyekundu ya oili ikawaka kwenye kona. Dereva alipochomoa stiki, ilikuwa kavu. Tulikuwa tumelijaza siku kumi kabla. Ovahoo ilitugharimu karibu theluthi ya bei ya gari, na mkutano wa kijiji tuliokwenda kuurekodi uliisha bila sisi.

Kwa hiyo angalia hivi. Mwambie muuzaji unataka kulikuta gari likiwa la baridi, halijawashwa tangu jana. Fika asubuhi, weka mkono juu ya injini. Ikiwa ya moto, amelitangulia kulipasha, na watu hawapashi gari bila sababu. Chomoa stiki ya oili uone imefika wapi na rangi yake. Fungua mfuniko wa kujazia oili: ukikuta kama maziwa ya mgando upande wa ndani, huenda maji na oili vinakutana, na gasketi ya silinda hedi imekwisha. Fungua rejeta ikiwa ya baridi tu, kamwe usifungue ya moto. Maji yawe na rangi ya koolanti, yasiwe kama chai ya kutu.

Halafu mtu mmoja awashe na mwingine asimame nyuma ya eksozi. Moshi mweupe mwepesi asubuhi ya baridi ni mvuke, unaisha. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Liache liungurume dakika kumi bila kukanyaga, kisha akanyage ghafla. Wingu la bluu likitoka wakati huo, umepata jibu, na hakuna haja ya kubishana na mtu.

Kluger za V6 za CC 3,000 zina jambo lingine: zinatumia mkanda wa taimingi ambao hubadilishwa kila kilomita 100,000. Kama mwenye gari hajui ulibadilishwa lini, hesabu kuwa haujabadilishwa, na uondoe gharama hiyo kwenye bei. Hiyo 2AZ inatumia cheni. Ile Vanguard ya CC 3,500 tunaiacha. Inakimbia kweli, lakini kama petroli yako inafika kijijini kwa madumu, utaishangilia wiki moja.

Gia boksi ndiyo inayoua hela kimya kimya. Vanguard ya 2,400, Outlander nyingi na X-Trail za siti saba hazina gia za kawaida ndani. Zina mkanda wa chuma unaozunguka kwenye puli mbili zinazopanuka na kujibana. Mfumo huu wanauita CVT. Unataka oili yake maalumu, si ile haidroliki yoyote ya dukani, na hauupendi joto. Mzigo mzito, mlima mrefu, mwendo wa taratibu: hayo matatu pamoja ndiyo yanayoupika, na hayo matatu pamoja ndiyo barabara ya kupanda Uchindile. Ukijaribu gari, tafuta mlima. Kanyaga polepole. Kama mshale wa mzunguko wa injini unapanda lakini gari haliongezi mwendo, au linatetemeka likianza kuondoka, au linavuma kama upepo kwenye bati, achana nalo. Kluger inatumia gia boksi ya zamani ya kawaida, na kwa hilo fundi mmoja alisema yeye angeichukua Kluger iliyotunzwa kuliko Vanguard iliyonawishwa.

Kunawishwa ni neno zito kwenye bonde letu, kwa sababu mto ukijaa magari nayo yananywa maji. Gari lililozama huoshwa, hupuliziwa marashi, hupelekwa mji mwingine. Vuta mikanda ya siti zote saba hadi mwisho kabisa. Tope hubaki kwenye ule mwisho ambao hakuna anayeuvuta. Ukiwa hapo hapo, hakikisha mikanda ya safu ya tatu inafunga, maana ndiko watoto watakakokaa. Piga tochi ya simu chini ya siti uone reli zake kama zina kutu. Inua zulia la nyuma panapokaa vifaa, unuse.

Tupite haraka chini ya gari: bushi, boljointi, buti za shafti zisizochanika, shokapu zisizolowa oili. Fundi anayajua haya kwa dakika ishirini na jeki. Matairi unaweza kujisomea mwenyewe. Tafuta tarakimu nne za mwisho baada ya neno DOT: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lenye kashata nzuri lakini limezeeka hupasuka kwenye joto la Kidatu kama embe.

Kilomita za kwenye dashibodi msiziamini sana, zinarudishwa. Tazama pedali ya breki, usukani na kitako cha siti ya dereva. Gari la kilomita 70,000 haliwezi kuwa na pedali iliyoliwa hadi chuma. Na hizi habari za "namba D" au "namba E" zisikudanganye. Herufi zile zinaonyesha gari lilisajiliwa nchini lini, hazionyeshi lilitengenezwa lini. Gari la 2007 linaweza kuwa na namba mpya kabisa kwa sababu lilifika bandarini juzi. Mwaka uko kwenye kadi, na kwenye kitambaa kidogo kilichoshonwa chini ya mkanda wa siti utakuta tarehe ya mkanda wenyewe.

Kuhusu kadi: namba ya chasisi iliyo kwenye kadi iwe ile ile iliyogongwa kwenye gari, tarakimu kwa tarakimu. Jina liwe la anayekuuzia. Kama kuna jina la benki au kampuni ya mkopo kwenye kadi hiyo, gari hilo bado lina deni na si lake kuuza peke yake. Kwa simu yako unaweza kuingiza namba ya gari kwenye mfumo wa Jeshi la Polisi ukaona faini za barabarani ambazo hazijalipwa, na pia kuna mifumo ya kuangalia ada za maegesho na bima. Fanya hivyo ukiwa na muuzaji pembeni. Mkataba uandikwe kwa wakili, hela ipite benki au kwa simu kukiwa na ushahidi, na umiliki uhamishwe TRA. Watu wengi huku wanatembea na kadi yenye jina la mtu wa tatu nyuma. Likitokea la kutokea, anayetafutwa kwanza ni yule.

Je, sisi tungelinunua gari la aina hii kwa Uchindile? Kwa kiangazi, ndiyo, likiwa na fowili na injini isiyokula oili. Kwa Machi hadi Mei tungeliacha Mlimba kwa jamaa na kumalizia kwa treni, bila kuona aibu. Kama familia ingekuwa na mizigo kuliko watu, tungetafuta Noah ya fowili, ambayo haina sura ya kifahari lakini mtu mzima anakaa nyuma kama mtu.

Msikilizaji wetu alirudi Ifakara Jumamosi na fundi. Walikubaliana na mwenye gari kwamba wafike saa moja asubuhi na injini iwe ya baridi. Walipofika, boneti ilikuwa ya moto, na mwenye gari akasema alikuwa amemwahisha mtoto shule. Siku hiyo ilikuwa Jumamosi. Waliomba basi waje kesho yake, naye akakataa. Kianzio bado kiko kwenye simu ya dada yao mkubwa, na wiki ijayo wanakwenda Morogoro kuangalia Kluger.