Kabla ya Kumkabidhi Mganga Mwili Wako

Tarehe 15 Oktoba 2025 Raila Odinga alifariki Koothattukulam, mji mdogo wa jimbo la Kerala kusini mwa India, alikokuwa amekwenda kutibiwa katika hospitali ya ayurveda. Tangu hapo tiba hiyo ya asili ya Wahindi imekuwa gumzo hata Shirere, hapa mjini Kakamega, mahali ambapo mitishamba haijawahi kuwa jambo la ng'ambo. Wapo wanaosema kifo hicho kimethibitisha kwamba tiba za asili ni kujidanganya. Wapo wanaowajibu kwamba bintiye, Rosemary, aliyepoteza uwezo wa kuona baada ya kuugua mwaka 2017, alitibiwa hapohapo, babake akasimulia hadharani kwamba ameanza kuona tena, na Waziri Mkuu wa India, Narendra Modi, akaitaja habari hiyo redioni Februari 2022. Pande zote mbili zina kosa moja: zinaipima tiba nzima kwa mtu mmoja. Moyo wa mzee wa miaka 80 unaweza kusimama popote, na macho ya mgonjwa yanaweza kupata nafuu kwa sababu zaidi ya moja. Anayetafakari kwenda kwa mganga, awe wa Kerala au wa Shirere, anahitaji kipimo kilicho bora kuliko ushuhuda. Kwa maoni yangu kipimo hicho ni kumbukumbu: mganga anaandika nini, dawa yake ina nini na kwa kiasi gani, na ugonjwa unapomshinda anampeleka mgonjwa wapi.

Tuanze na Wahindi, kwa kuwa wao ndio wanaosifiwa. Mgonjwa anayefika katika kituo cha ayurveda hupimwa mapigo ya mshipa wa mkono, hutazamwa ulimi na macho, kisha huulizwa kuhusu usingizi, choo na chakula chake. Daktari anatafuta uwiano wa nguvu tatu ambazo wao huziita vata, pitta na kapha. Kisha huja tiba zenyewe: kukandwa kwa mafuta yenye dawa, kumiminiwa mafuta ya uvuguvugu kwenye paji la uso, kutumia dawa za kusafisha tumbo. Kwa macho, mgonjwa hulazwa chali, akazungushiwa jichoni ukingo wa unga uliokandwa, halafu samli yenye dawa ikamiminwa humo taratibu huku akifumba na kufumbua. Sayansi ya kisasa haizitambui zile nguvu tatu, na hilo lisemwe wazi. Hata hivyo, anayetoa tiba hizo kwa kibali nchini India amesomea shahada ya miaka mitano na nusu, mafunzo ya kazi hospitalini yakiwemo. Tangu mwaka 2014 India ina wizara kamili ya tiba hizi. Na Raila alipoanguka katika matembezi yake ya asubuhi, alikimbizwa hospitali ya kisasa iliyo karibu. Hakuna aliyejaribu kuuamsha moyo kwa mafuta. Hapo ndipo penye funzo kwetu, maana waganga wanaojua mpaka wao ni wachache.

Lakini hata utaratibu huo una matundu. Mwaka 2004 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya kupima dawa 70 za ayurveda zilizokuwa zikiuzwa madukani katika eneo la Boston. Dawa 14 zilikuwa na risasi, zebaki au aseniki, sumu zinazoharibu figo na ubongo. Ziko dawa za ayurveda ambazo hutiwa madini kwa makusudi, kwa imani kwamba yakichomwa na kusafishwa hugeuka tiba. Anayezimeza anaweza asijue hayo hadi zifike maabara. Basi kama dawa yenye vyuo na wizara nyuma yake inaweza kuficha sumu, ile chupa ya plastiki isiyo na kibandiko iuzwayo sokoni tuiamini kwa lipi?

Jibu lipo karibu na Shirere kuliko wengi wanavyodhani. Pembezoni mwa msitu wa Kakamega, wakulima wa kikundi cha Muliru, wakishirikiana na kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe, walichukua mmea wa jamii ya mrehani ambao wenyeji waliutumia tangu zamani kwa mafua na maumivu. Waliupanda mashambani badala ya kuuvuna msituni. Majani huwekwa kwenye pipa, mvuke ukapitishwa, ukapozwa, na mafuta yakaelea juu ya maji. Mafuta hayo yakachanganywa kuwa marhamu iitwayo Naturub, iliyosajiliwa na mamlaka ya dawa nchini. Mnunuzi anajua amenunua nini. Mti wa mwiritsa, kwa upande mwingine, unatuonya. Gome lake limetumika kwa matatizo ya tezi dume hadi Ulaya, na ulichunwa kwa wingi barani Afrika mpaka ikabidi biashara yake iwekewe masharti ya kimataifa mwaka 1995. Mti uliochunwa gome kuuzunguka wote hufa, na dawa hufa nao.

Mtu atasema babu zetu walitumia mitishamba na wakaishi. Kweli waliishi, nasi tunawajua walioishi. Waliokufa utotoni hawakubaki kusimulia. Mwingine atasema mmea ni kitu cha asili, hauwezi kudhuru. Asili imetupa pia mimea yenye sumu, na mmea wenye nguvu ya kuponya una nguvu ya kugongana na vidonge vya presha au sukari. Hoja nzito kuliko zote ni ya mfuko: hospitalini kuna foleni, kuna ada, na mara nyingi unaambiwa dawa ukanunue nje, ilhali mganga yuko mtaa wa pili, anakusikiliza na anakubali kulipwa kidogokidogo. Hoja hii siipuuzi, na ni aibu kwa hospitali zetu. Lakini bei nafuu iliwahi kutuponza. Mwaka 2011 maelfu, Wakenya wakiwemo, walimiminika Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa cha Mchungaji Ambilikile Mwasapila kwa shilingi 500 za Tanzania. Wapo walioacha dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI kwa kuamini wamepona. Kikombe kilikuwa cha bei ndogo, ila kuacha dawa kuligharimu uhai.

Waganga nao wana hoja yao: wakiandika dawa zao, wataibiwa. Hofu hiyo ina msingi, maana mimea ya Afrika imetajirisha wengi wasiowahi kuikanyaga Afrika. Ndiyo sababu Kenya ilitunga mwaka 2016 sheria ya kulinda maarifa ya jadi, na Sheria ya Afya ya mwaka 2017 ikaagiza kiundwe chombo cha kusimamia tiba za asili. Bunge na kaunti zikilifanyia kazi agizo hilo, mganga mwaminifu ndiye atakayefaidika zaidi, kwa kuwa atatofautishwa na tapeli.

Wakati tukisubiri, mgonjwa ajisimamie. Muulize mganga jina la mmea, kipimo chake, na nani hapaswi kuutumia. Mwonyeshe vidonge vya hospitali unavyomeza, na daktari naye mwambie unachokunywa kwa mganga. Mganga akikuambia uache insulini au dawa za presha, ondoka. Mtoto mwenye homa kali, mama mwenye uchungu wa kuzaa na mtu mwenye maumivu ya kifua hawapelekwi kwa mitishamba kwanza. Hospitali kuu ya rufaa ya kaunti iko mjini hapahapa.