Viroboto Wa Paka: Namna Ya Kumkinga Paka Bila Ya Kumdhuru

Himdi zote Anastahiki Allaah, na Swalah na salaam zimshukie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allaahu 'alayhi wa aalihi wa sallam), ahli zake na Swahaba zake. Amma ba'd.

Paka ni mnyama tunayeishi naye ndani ya nyumba. Abu Qataadah (Radhwiya Allaahu 'anhu) alimwinamishia paka chombo cha maji ya wudhuu mpaka akanywa, kisha akamweleza mkwe wake aliyestaajabu kwamba Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa aalihi wa sallam) amefundisha kuwa paka si najisi. Wameipokea Abu Daawuud, At-Tirmidhiy na wengineo. Pia tunaijua Hadiyth ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia bila ya kumlisha wala kumwachia ajitafutie. Kwa hiyo anayefuga paka amebeba amana. Kumwacha aliwe na viroboto ni kumdhuru, na kummwagia sumu kwa nia ya kumsaidia ni kumdhuru vilevile.

Kiroboto Anaishi Wapi?

Wengi wetu tunamtafuta kiroboto juu ya paka tu, ilhali wengi wao wamo ndani ya nyumba. Kiroboto jike huweza kutaga mayai 40 hadi 50 kwa siku. Mayai hayo hayanati kwenye manyoya, bali huanguka popote paka anapolala. Mabuu yanayototolewa hukimbia mwanga na kujificha chini ya mkeka na zulia, katika nyufa za sakafu na pembezoni mwa godoro. Kisha hujisokotea vifuko na kukaa humo wiki nyingi, hata miezi, mpaka yahisi joto au mtikisiko wa mtu anayepita. Ndiyo sababu watu hurudi safari na kung'atwa mara tu wanapofungua nyumba iliyokuwa tupu.

Kiroboto hupenda joto na unyevu, na miji yetu ya pwani kama Lamu, Mombasa na Unguja ina vyote viwili. Kwa hiyo kinga ni ya mwaka mzima.

Namna Ya Kumtambua

Mchane paka kwa kitana chenye meno ya karibu karibu, hasa shingoni na karibu na mkia. Ukipata punje nyeusi, ziweke juu ya karatasi nyeupe iliyoloweshwa. Zikitoa wekundu, hicho ni kinyesi cha kiroboto, nacho ni damu ya paka wako. Mtazame pia mtoto wa paka ufizi wake. Ukiwa mweupe, damu imempungua, na anaweza kufa kwa hilo. Ama vipande mfano wa punje za mchele karibu na mkia, hivyo ni dalili ya tegu, ambaye paka humpata kwa kumeza kiroboto anapojiramba.

Dawa Zinazoua Paka

Hapa ndipo penye hatari kubwa. Dawa nyingi za viroboto vya mbwa, na baadhi ya dawa za kuogeshea ng'ombe, zina permetrini au sumu za jamii yake. Mbwa huivumilia, lakini ini la paka haliwezi kuivunja upesi, na tone lililokusudiwa mbwa laweza kumuua. Dalili zake ni kutetemeka, kutokwa na mate, kuyumba na degedege. Ukiziona, muoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya kuoshea vyombo, mkaushe, kisha umkimbize kwa daktari wa mifugo.

Usimpake mafuta ya taa, wala mafuta ya karafuu, wala dawa ya unga ya mende. Hujiramba, na kila unachompaka kitaingia tumboni. Usimlishe kitunguu thaumu pia, kwani huharibu damu yake.

Dawa Inayofaa

Muulize daktari wa mifugo dawa ya matone ya kutia nyuma ya shingo, yenye fipronili au selamektini, iliyoandikwa kuwa ni ya paka na kwa uzito wake. Kwa kawaida hutiwa mara moja kwa mwezi. Watie paka wote wa nyumba siku moja. Nyingi katika dawa hizi hazifai kwa walio chini ya wiki 8. Hao wachane kila siku, na kitana ukichovye katika maji ya sabuni.

Wakati huohuo, safisha nyumba. Fagia kila siku chini ya vitanda na kwenye nyufa, na taka uzitupe nje. Kitambaa anacholalia paka kifue kila wiki, na mikeka na mazulia uyaanike kwenye jua kali, kwani mabuu hufa kwa ukavu. Endelea kwa miezi mitatu hivi, maana walio ndani ya vifuko watazidi kutoka.

Hukmu Zinazohusiana

Inajuzu kumuua kiroboto kwa kuwa ni mwenye kudhuru, lakini asichomwe moto, kwani imekuja katika Hadiyth kuwa kuadhibu kwa moto ni kwa Mola wa moto Pekee. Ama aliyeona alama za damu ya viroboto nguoni, asiingiwe na wasiwasi katika Swalah yake. Imaam An-Nawawiy katika Minhaaj, kitabu mashuhuri cha madhehebu ya Shaafi'iy, ameeleza kuwa damu hiyo ni yenye kusamehewa.

Tunamuomba Allaah Atujaalie huruma kwa viumbe Vyake.

Wa Allaahu A'lam.