Kiti Kikibaki Wazi, Tusikigawe kwa Machozi

Mnamo Juni 10, 2008, ndege ndogo iliyokuwa ikielekea Kericho ilianguka katika eneo la Narok na kumwua Waziri wa Barabara, Kipkalya Kones, Mbunge wa Bomet, pamoja na Waziri Msaidizi Lorna Laboso, Mbunge wa Sotik. Walikuwa safarini kwa shughuli za uchaguzi mdogo wa Ainamoi uliofanyika kesho yake. Kiti cha Ainamoi nacho kilikuwa wazi kwa sababu mbunge wake, David Kimutai Too, alikuwa ameuawa kwa risasi Januari mwaka uo huo. Kwa hivyo, katika muda usiotimia nusu mwaka, nchi yetu ya chai ilizika wabunge watatu.

Septemba 25, watu wa Longisa, iliyokuwa chini ya Bomet nyakati hizo, walirudi vituoni na wenzao. Bomet ilimchagua Beatrice Kones, mjane wa marehemu. Sotik ilimchagua Joyce Laboso, dadake marehemu. Wote wawili walisimama kwa tiketi ya ODM, chama cha marehemu wenyewe.

Je, wapiga kura walichagua mbunge au walitoa rambirambi? Swali hili si rahisi kama wanavyodhani wale wanaotucheka. Joyce Laboso alikuwa mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Egerton. Mwaka 2013 akawa Naibu Spika wa Bunge la Taifa, na mwaka 2017 akawa mmoja wa wanawake watatu wa kwanza kuchaguliwa magavana nchini, kabla ya kufariki Julai 2019. Asiyemjua angesema huruma ilipiga shabaha. Nami nasema sifa hizo alikuwa nazo kabla ya msiba, na ndizo zilizostahili kupimwa. Karatasi ya kura haiulizi sababu. Mwenye kuijaza ndiye anayepaswa kujiuliza.

Huruma, hata hivyo, huja mara moja moja. Wimbi la chama ndilo linalotuandama kila uchaguzi. Tangu mwaka 1992 eneo hili lilijaa KANU. Mwaka 2007 likahamia ODM, mwaka 2013 likaenda URP, mwaka 2017 Jubilee, na mwaka 2022 UDA. Penye wimbi kama hilo, mbunge hupatikana katika kura ya mchujo, na uchaguzi wenyewe huwa aghalabu ni kumwapisha kabla ya kiapo. Ilhali siku ya mchujo ndiyo siku ambayo mwalimu husema ana madaftari ya kusahihisha!

Wazee wetu wanaukumbuka mlolongo wa mwaka 1988. Wafuasi walipanga foleni hadharani nyuma ya mgombea wao, na aliyefikisha asilimia 70 hakuhitaji kura ya siri. Utaratibu ule ulifutwa baada ya manung'uniko mengi, kwani nani angethubutu kusimama nyuma ya mpinzani wa mkubwa wake? Leo hatulazimishwi na yeyote, lakini tukiususia mchujo tunarudi kule kule: jambo linakatwa kabla hatujafika.

Basi mgombea apimwe kwa nini? Kifungu cha 95 cha Katiba ya mwaka 2010 kinataja kazi za Bunge la Taifa: kuwakilisha watu, kutunga sheria, kugawa fedha za taifa na kuichunguza serikali. Mwalimu wa historia na uraia anaifundisha orodha hiyo, mwanafunzi anaipata katika mtihani, kisha wote wawili wanamsifu mheshimiwa kwa sababu alihudhuria mazishi na kuchangia harambee. Tangu Hazina ya Maendeleo ya Maeneo Bunge ianzishwe mwaka 2003, basari na madarasa yamekuwa mizani ya pekee. Sikatai kuwa karo ni mzigo. Nakataa tu kuwa ndiyo kazi nzima ya mbunge.

Longisa ina mtihani wake yenyewe. Septemba 2011, maradhi mageni ya mahindi yaligunduliwa hapa hapa, kwa mara ya kwanza nchini. Majani yalikauka yangali shambani, na magunzi yakatoka na punje chache au bila punje kabisa. Wataalamu walipopima walikuta virusi wa aina mbili wakishambulia mmea mmoja kwa pamoja, na baadaye maradhi hayo yakaenea katika nchi jirani. Mkulima hakuhitaji mbunge wa kumletea gunia la unga. Alihitaji mtu wa kuuliza bungeni ni fedha ngapi zimetengewa utafiti wa mbegu, na nani anakagua mbegu zinazouzwa madukani.

Mwanafunzi wa kidato cha nne aliyekwisha kupata kitambulisho na awaulize wagombea swali hilo sokoni Longisa, kabla ya mchujo: maradhi kama yale yakirudi, utafanya nini ndani ya Bunge? Mgombea akianza kutaja kiasi alichotoa harambeeni, aulizwe tena.