Historia ya mtaa wako haiko Google

Umewahi kushuka Kariokor, ukala nyama choma ukashiba, kisha ukaenda zako bila kujiuliza jina hilo lilitoka wapi? Usijali, hata mimi nilikula pale miaka mingi bila kujua. Kariokor ni Carrier Corps, jina lililopita midomoni mwa watu hadi likawa letu. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, Waingereza waliwakusanya Waafrika, wengi wao kwa nguvu, wawabebee wanajeshi risasi na chakula. Maelfu hawakurudi nyumbani, na wengi waliuawa na magonjwa na njaa, si risasi.

Hayo sikuyapata darasani. Niliyasoma maktabani, na nakwambia ukweli, siku hiyo nilikuwa nimeingia kutafuta mahali pa kuchaji simu. Nilikuwa nimeacha chuo, na ukiacha chuo, kadi ya maktaba yao nayo inakufa. Langoni utaulizwa kitambulisho cha mwanafunzi. Lakini maktaba ya umma haikuulizi uko mwaka wa ngapi wala uliacha kwa nini. Unaketi, unasoma, basi.

Si kila mtu aliruhusiwa kuketi hivyo, lakini. Lile jengo la nguzo ndefu na simba wawili wa mawe hapo Banda Street, karibu na msikiti wa Jamia, ndilo McMillan Memorial Library. Wengi wetu hulipita tukikimbilia matatu. Lady Lucie McMillan alilijenga kumkumbuka mumewe, William Northrup McMillan, tajiri mzaliwa wa Marekani aliyezikwa kule Ol Donyo Sabuk. Lilifunguliwa 1931, na lilikuwa la Wazungu pekee. Guka wako angeweza kufagia zile ngazi, ila si kuzipanda aende akasome gazeti. Ilibidi ifike miaka ya mwisho ya ukoloni ndipo milango ikafunguliwa kwa wote.

Maktaba hiyo ina ndugu wawili Eastlands: moja iko Kaloleni, nyingine Makadara. Kwa miaka mingi zote tatu ziliachwa zikachakaa. Halafu 2017 wanawake wawili, mwandishi Wanjiru Koinange na mchapishaji Angela Wachuka, wakaanzisha shirika la Book Bunk, na wakishirikiana na serikali ya kaunti wakaanza kuzifufua. Zile za Kaloleni na Makadara zilikarabatiwa kwanza, na kazi ya McMillan yenyewe ni ya muda mrefu zaidi. Safari yao imetolewa hata filamu, How to Build a Library, iliyoonyeshwa kwenye tamasha la Sundance 2025.

Sasa usidhani maktaba ni mahali pa kunyamaza tu. Watoto wa mtaa husomewa hadithi humo, na vijana hukutana kujadili vitabu. Yule dogo ambaye kwao ni chumba kimoja, watu sita na redio, anapata meza ya kufanyia homework. Kwa mtaa wenye nafasi finyu, hiyo si kitu kidogo.

Lakini hapa ndipo nataka unisikilize. McMillan ina magazeti ya zamani sana, ya enzi za ukoloni. Ukiyafungua utajua bei za mashamba na nani alishinda mbio za farasi. Utajua walowezi walikula nini Krismasi. Mwafrika aliyewapikia chakula hicho utamtafuta sana. Akitajwa, mara nyingi ni kwa sababu kuna kesi au mgomo.

Sisi je, tuko wapi? Tuko kwenye mkebe wa biskuti chini ya kitanda cha shosho. Humo ndimo mna picha ya harusi iliyopigwa studio, risiti za kodi ya nyumba na kitambulisho cha kazi cha guka. Na mengine hayako hata mkebeni, yako kichwani mwake tu. Chukua Kaloleni, mtaa uliojengwa miaka ya 1940. Kabla ya Uhuru, ukumbi wake ulikuwa ukijaa mikutano ya siasa. Waliokuwa watoto wakati huo, wakichungulia madirishani, leo ni wazee. Kila mmoja akizikwa, anaenda na yake.

Na nyumba zenyewe zinaondoka. Pangani ya zamani ilibomolewa, ghorofa zikasimama. Sisemi ghorofa ni mbaya, watu wanahitaji keja. Nasema tu, nyumba ikibomolewa na hakuna aliyeandika nani aliishi humo, ni kama hakuna aliyewahi kuishi.

Kwa hivyo nakupa kazi ya Jumapili moja. Muite shosho, dani, kukhu au susu, vyovyote mnavyosema kwenu. Mwekee chai. Washa rekoda ya simu yako, lakini mwombe ruhusa kwanza. Usianze na maswali makubwa ya Uhuru, atakujibu kama anahojiwa na runinga. Muulize kodi ilikuwa pesa ngapi, maji walichota wapi, disko ilikuwa wapi, nani alikuwa mrembo wa mtaa. Toeni zile picha, na nyuma ya kila moja andika kwa penseli majina, mahali na mwaka. Kalamu ya wino inaharibu.

Kisha nenda maktaba iliyo karibu nawe, umuulize mkutubi kama kuna njia ya kuhifadhi nakala. Akisema bado hakuna, muulize itaanzishwa lini. Muulizeni kumi, ishirini. Kitu kikiulizwa na watu wengi huwa kinatafutiwa rafu.

Mimi nilichelewa. Shosho yangu alifariki kabla sijamuuliza lolote, na ninayo picha yake moja akiwa na wanawake wanne mbele ya duka. Nyuma hakuna kitu kimeandikwa. Wale wanne sitawahi kuwajua.

Wako bado yupo? Mpigie leo.